Jicho Moja, Wadudu Watatu

Habari zenu, wagonjwa wenzangu. Najua mmekaa kwa hizi benchi tangu asubuhi na foleni haisongi, na mtu anayeumwa na jicho hataki hadithi, anataka daktari. Mimi nilikaa papo hapo mlipokaa, nikimchukia kila aliyeitwa mbele yangu. Lakini nesi ameniomba niongee nanyi kidogo, na mimi nikipewa nafasi ya kuongea sikatai. Naitwa Rispa. Nauza omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, Kisumu Ndogo, kule Kibera. Leo nimekuja kupimwa tu. Sikushikwa mkono na mtu, nimetembea mwenyewe nikiona njia.

Wacha nianze na vile nilivyokuwa. Nilizaliwa na macho mawili mazuri kama yenu. Nikiwa mdogo kule nyumbani Busia nikashikwa na surua, na surua ikaenda na jicho la kushoto. Liko hapa, mnaliona, lakini linajua mchana na usiku peke yake. Ukisimama upande huo naona kivuli. Kwa hivyo tangu utotoni kazi yote ilikuwa ya jicho la kulia, na lilifanya kazi bila kulalamika. Lilinisomesha mpaka darasa la nane, likanileta Nairobi, likanifundisha biashara. Nilikuwa natazama gunia la omena kutoka hatua tatu na kukuambia kama ni ya juzi au ya wiki jana, na kama limetiwa mchanga ili liwe zito. Wauzaji wa jumla walikuwa hawanipendi, na mimi nilikuwa najivunia hilo.

Nina watoto wawili. Wako ocha, kijijini kwa mama yangu, wanasoma. Wanakula kwa hilo jicho moja. Nataka mshike hapo, kwa sababu kila nitakachosema sasa ni juu ya jicho moja. Hilo likienda, mimi ni kipofu. Hakuna la akiba.

Sasa, omena huwezi kuiuza vile inavyotoka kwa gunia. Lazima uipepete kwa ungo, vumbi liende, mchanga uende, vichwa vilivyovunjika viende. Asubuhi hiyo kulikuwa na upepo, ule wa kiangazi wa Januari unaobeba kila takataka ya Kibera na kuileta kwako. Nimepepeta omena miaka kumi na tano, najua kuupa upepo mgongo. Siku hiyo mteja akaniita, nikageuka huku ungo uko juu. Omena ikarudi usoni. Kitu kikaniingia jicho la kulia, pap! Nikaruka. Nikalifikicha kwa mkono ule ule niliokuwa nashikia samaki, nikafikicha tena na tena mpaka machozi yakajaa shavuni. Maji yalikuwa kwa jerikeni, hatua mbili kutoka kwangu. Sikuyagusa.

Mtaniuliza kwa nini. Kwa sababu pale kwetu kitu kikikuingia jichoni huendi kwa maji, unaenda kwa Dani Kolet. Dani ni nyanya kwa Kijaluo, na huyu ni nyanya wa soko lote. Anauza mboga za kienyeji, osuga na mrenda, vibanda vinne kutoka kwangu. Kazi yake nyingine ni macho. Anasukutua mdomo kwa maji ya chumvi, anakulaza kichwa kwenye mapaja yake, anageuza kope kwa kijiti cha kiberiti, halafu anapitisha ulimi juu ya jicho lako, polepole, kama ng'ombe anavyomlamba ndama. Akimaliza anatema kiganjani na kukuonyesha uchafu wenyewe. Mafundi wa kuchomelea milango wamelambwa pale. Maseremala wamelambwa. Watoto wa shule ndio usiseme. Dani haulizi malipo. Ukimpa konzi ya omena anakushukuru mpaka unaona haya.

"Tulia, nyathina," akaniambia. Nyathina ni mtoto wangu. "Usilifunge. Angalia juu."

Nikaangalia juu. Nikasikia ulimi, wa joto, mkavu kidogo. Mara mbili, mara tatu. Akatema.

"Ona! Mfupa wa omena."

Kweli, kulikuwa na kamfupa kadogo kama ncha ya sindano. Nilisikia raha, wacheni tu. Nikarudi kwa ungo wangu nikimsifu Dani kwa kila mtu aliyepita.

Kesho yake jicho likaamka jekundu na machozi hayakatiki. Jirani yangu Atieno, yule tunayepakana vibanda, alikuwa na mtoto mchanga. Akaniambia maziwa ya mama yanatuliza jicho, mama yake mwenyewe alimfanyia hivyo. Nikainamisha kichwa, akanikamulia matone mawili papo hapo, wateja wakicheka. Mimi pia nilicheka.

Siku ya tatu jicho bado linawasha, kama kuna mchanga ndani. Hapo ikaja chupa. Soko letu lilikuwa na chupa moja ya dawa ya macho. Nani aliinunua, hakuna anayekumbuka. Ilitoka kwa kemisti bila karatasi ya daktari, ikawa ya kila mtu. Macho yakikuwasha kwa moshi wa samaki unaitisha, "Nani ako na ile dawa ya macho?" na inarushwa kutoka kibanda hadi kibanda mpaka inakufikia. Ncha yake ilikuwa imegusa kope za Kisumu Ndogo nzima. Nikatia asubuhi, nikatia mchana, nikatia jioni.

Na ikafanya kazi! Hiyo ndiyo ilinimaliza. Ingeshindwa siku hiyo, labda ningeenda hospitali mapema. Lakini wekundu ukapotea, kuwasha kukapungua, nikauza siku mbili nikijiambia, Rispa, wewe hospitali ya nini na dawa unayo? Nilikuwa na kichwa kigumu. Bado ninacho, lakini sasa nakitumia vizuri zaidi.

Siku ya sita niliamka kope zimegandana. Nikazibandua kwa vidole, ukatoka usaha wa manjano, mzito, unanuka. Nikafungua mlango. Uuwi! Mwanga wa asubuhi uliniingia jichoni kama msumari. Maumivu yalianzia kwa mboni, yakapita nyuma ya kichwa, yakashuka mpaka kwa magego. Nikaenda kutapika kando ya mtaro. Nikachukua kioo changu kidogo nijiangalie, na nikaona ukungu tu. Uso wangu mwenyewe sikuuona.

Nikamwita Atieno. "Niangalie hapa. Kuna nini?"

Akanishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku.

"Atieno, sema."

"Aki Rispa," akasema, "kuna kitu cheupe juu ya mboni. Kama punje ya mchele."

Nilishika simu nimpigie mdogo wangu Eva, na nikagundua sioni namba. Nikabonyeza, nikakosea, nikabonyeza tena. Ikabidi Atieno anipigie. Kuna kitu kinachovunja mtu kuliko maumivu, nacho ni kushika simu yako mwenyewe usijue wapi pa kubonyeza. Nililia hapo, na machozi yalichoma vibaya sana.

Eva ni fundi wa nguo. Anaishi Kabiro, kule Kawangware, chumba kimoja cha mabati na cherehani yake mlangoni. Alikuja na boda mbio, akanikuta nimejifunika leso kichwa kizima.

"Umekaa na hii siku ngapi?"

"Sita."

"Sita! Na uko na macho ngapi, Rispa?"

Nikaivuta leso usoni zaidi.

Akanileta hapa hapa. Daktari alikuwa mwanamke, sauti ya chini, mikono baridi. Akaniweka kidevu kwa ile mashine mnayoijua, akatia rangi jichoni, akaangalia kwa muda mrefu.

"Mama Rispa, una kidonda kwenye kioo cha jicho," akasema. "Kile kioo cha mbele kinachopitisha mwanga. Ni kidonda kikubwa. Na ndani, kule chini, usaha umetuama."

"Kitapona?"

"Tutakipigania. Uliweka nini kwenye jicho kabla ya kuja?"

Nikasema, "Maji tu."

Haya, nichekeni. Maji, kitu pekee ambacho sikuweka! Niwaambie kwa nini nilidanganya, maana najua siko peke yangu. Muda mfupi kabla, nikiwa hapo kwa benchi, nilisikia mtu akimgombeza mzee mmoja aliyetia asali jichoni. Alimgombeza mpaka mzee akaomba msamaha kama mtoto. Nesi, usinikasirikie, si wewe. Halafu nilimwogopea Dani. Nikadhani nikimtaja watakuja kumshika, mama wa watu ambaye hakuniomba hata senti. Na zaidi ya yote niliona aibu. Nimeishi Nairobi miaka kumi na tano, navaa viatu, napiga simu, halafu nimwambie daktari msomi kwamba nimelambwa jicho? Heri maji. Hata Eva sikuwa nimemwambia.

Daktari akatia ganzi, akasema anataka kukwangua kidonda apeleke uchafu wake maabara. Hakuna maumivu, ila unaona kivuli cha kijisu kinakuja juu ya jicho lako na huruhusiwi kufumba. Nilishika koti la Eva nikavunja kifungo. Wodi ilikuwa imejaa, na kwa sababu nilikuwa na mtu wa kunihudumia, nikapewa dawa niende nazo, matone ya kila saa, na kurudi kuangaliwa kila siku. Baada ya saa moja, tone. Baada ya saa moja, tone. Mchana na usiku.

Basi nikahamia Kabiro. Eva aliweka kengele ya simu, na cherehani ikawa inasimama kila inapolia. Ananawa mikono kwa sabuni, ananivuta kope ya chini, anatia. Ploti ile ina vyumba kumi vimegusana, kuta za mabati. Siku ya pili kila mpangaji alijua saa ya dawa yangu. Kengele ikilia na Eva yuko bombani, unasikia mtu kutoka chumba cha pili, "Mama Omena, dawa!"

Maabara wakasema wamepata bakteria. Daktari akafurahi, na dawa ikafanya kazi. Siku nne usaha ukapungua, maumivu yakapoa, nikaanza kumsumbua Eva kuhusu chumvi ya mboga yake. Siku ya tano maumivu yakarudi. Hayakuwa makali kama ya kwanza. Yalikuwa ya ndani, ya kutafuna, kama jino bovu lililohamia jichoni. Mwanga kidogo niliokuwa naona dirishani ukawa kama chai ya maziwa. Sikusema kitu. Nilijiambia ni dawa inafanya kazi. Mnaona? Kichwa kigumu.

Asubuhi iliyofuata daktari aliangalia, akaangalia tena, akazima mashine.

"Sipendi ninachoona," akasema. "Bakteria wamepungua, lakini kidonda kinapanuka. Kingo zake zimeota kama manyoya, na kioo kimekuwa chembamba. Kikitoboka, huenda tukalazimika kulitoa jicho."

Eva akaanza kulia. Mimi sikulia. Nikaona watoto wangu wakija kwa likizo, na mimi nimekaa kwenye kitanda nawatambua kwa sauti. Nikajiona nashika omena kwa mkono nikimuuliza mteja, hii ni safi ama ina mchanga?

Daktari akavuta kiti chake karibu. "Mama, najua la kushoto halikusaidii. Hili ndilo tulilonalo. Nakuuliza mara ya pili, na sitakugombeza. Nini kiliingia humu kabla hujaja kwangu?"

Nikamwambia. Yote. Mkono wenye samaki, Dani, maziwa, chupa. Nilianza taratibu, kisha yakatoka kama gunia lililopasuka.

"Ulimi?" Eva akauliza.

"Ulimi."

"Wa nani?"

"Wa Dani Kolet."

"Woi, Rispa. Woi, woi."

Lakini daktari hakusema woi. Alikuwa anaandika. Nilisikia kalamu ikienda mbio. "Hiyo chupa," akasema, "naitaka leo. Na nakwangua tena sasa hivi, ndani zaidi. Ungeniambia siku ya kwanza ningetafuta wadudu wengine pia. Mtu akigonga jicho akaweka maji, natafuta kitu kimoja. Akiweka hivi vyote, natafuta kundi."

Eva alichukua boda kwenda Kisumu Ndogo. Alirudi na chupa ndani ya mfuko wa plastiki, na nyuma yake, mwenye kiguu, leso kiunoni, Dani Kolet. Alikuwa amesikia Eva akiulizia chupa, akaacha mboga zake juu ya gunia na kumfuata.

Daktari akasoma chupa. "Hii ina dawa ya kutuliza uvimbe," akasema. "Wekundu unaondoka, unadhani umepona. Lakini inawalaza walinzi wa mwili. Mwizi akiingia hakuna wa kupiga nduru." Jioni hiyo hiyo waliona kwa ile mashine ya kukuza vitu kwamba ndani ya kidonda kulikuwa na kuvu, yaani ukungu, jamaa wa ule unaoota kwa mkate uliokaa. Siku chache baadaye, kwenye visahani vya maabara, akajitokeza bakteria mwingine, wa aina tofauti na yule wa kwanza. Wadudu watatu ndani ya jicho moja. Dawa ya kwanza ilimpiga mmoja, na wenzake wakapata nafasi ya kutosha kula.

Nilimuuliza daktari nani alileta nani. Samaki? Ulimi? Maziwa? Chupa? Akasema, "Sijui, na sitajua. Kila mlango ulikuwa wazi."

Dani alikuwa amekaa karibu yangu kwa benchi. Alishika mkono wangu.

"Nyathina, miaka yote hii nimetoa uchafu kwa macho ya watu," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyepofuka."

Nilikuwa nimechoka na nilikuwa naumwa, na sikutafuta maneno mazuri. Nikamwambia, "Dani, waliopofuka hawakurudi kununua mboga."

Akaondoa mkono. Nikasikia akilia, kilio cha mtu mzima, bila sauti. Niliujutia ukali wangu, lakini maneno yenyewe sikuyajutia. Baadaye nilimvuta nikamwegemea, tukakaa hivyo mpaka Eva akatutoa. Na niwaambie wazi: Dani hakuniharibu peke yake. Mimi ndiye niliyefikicha. Mimi ndiye niliyeacha maji kwa jerikeni. Mimi ndiye niliyesema maji tu.

Vita vikaanza upya. Dawa ya kuvu ni nyeupe, unaitikisa kwanza, na inaacha unga kwenye kope kama mtu aliyelala kwa posho mill ya kusaga mahindi. Hiyo kila saa. Ya bakteria, nayo imebadilishwa, kila saa. Kati yao dakika chache ndiyo moja isioshe nyingine. Hesabu hiyo yote aliifanya Eva, ambaye shuleni alikuwa anafeli hesabu. Alipunguza kazi za kushona, akachukua zile za kutia zipu peke yake. Daktari alinionya, "Kuvu haiondoki haraka. Ni wiki nyingi. Usiniache njiani."

Wiki mbili za kwanza zilikuwa mbaya. Nilikaa na leso usoni, nikajua chumba cha Eva kwa vidole: jiko hapa, ndoo hapa, msumari wa ukutani unaonishika nywele hapa. Nilichoma mkono kwa sufuria. Nilivaa nguo ndani nje na majirani wakanificha kicheko. Kuna siku moja niliketi mlangoni, jua linanipiga usoni, na sikuona tofauti kati ya jua na mabati. Nikamwambia Mungu, sikuombi macho mawili, hayo ulishaamua. Nakuomba hili moja, na unajua nalitumia.

Wiki ya tatu maumivu yalipungua, na safari hii sikuficha wala sikujidanganya, nilimwambia daktari kila kitu: saa ngapi yaliuma, saa ngapi yaliacha, usaha wa rangi gani. Nikawa mgonjwa msumbufu kwa ukweli. Akasema usaha wa ndani unashuka. Wiki iliyofuata akasema kingo zimelainika. Nyingine akasema, "Kidonda kinajaza kutoka pembeni." Eva alipiga makofi ndani ya chumba cha daktari mpaka tukanyamazishwa.

Halafu ikaja siku. Miezi mitatu ilikuwa imepita. Daktari akanifunika la kushoto kwa kikombe cheusi, akaniambia nitazame mbele.

"Vidole vingapi?"

Nilitazama. Kulikuwa na ukungu, na ndani ya ukungu kitu kinasogea. Nikasubiri. Sikutaka kubahatisha.

"Viwili," nikasema. "Na una pete."

Akabadilisha. "Sasa?"

"Vinne. Na kucha zako umekata vibaya."

Akacheka, akasogea karibu, na hapo nikaona uso wake kwa mara ya kwanza. Miezi mitatu nilimjua kwa sauti na mikono baridi, nikamchora kichwani mama mnene wa miaka hamsini. Kumbe ni msichana! Ana mwanya, ana vipele viwili kwa paji. "Daktari," nikasema, "kumbe jicho langu nilimwachia mtoto?" Tulicheka wote watatu, na Eva akaenda kulia nje kwa korido.

Sasa niko hivi mnavyoniona. Sitawadanganya. Jicho halikurudi vile lilivyokuwa. Kuna kovu jeupe juu ya mboni, kidogo pembeni, na Mungu asifiwe kwa huo upembeni. Nikivaa miwani nasoma ile karatasi ya herufi mpaka mstari wa tano. Jua kali linanisumbua, navaa kofia. Daktari anasema kovu likizidi kunizuia, siku moja wanaweza kubadilisha kioo, lakini kwa sasa nafanya kazi. Nimerudi Kisumu Ndogo. Napepeta omena nikiwa nimevaa miwani ya plastiki ya fundi, na wateja wananiita rubani. Waniite wanavyotaka.

Dani bado anauza mboga. Halambi macho tena. Mtu akija ameshika jicho, Dani anamwagia maji safi ya jagi, mengi, halafu anamwambia mahali kliniki ilipo, na asipoenda anamtukana kwa Kijaluo mpaka aende. Ile chupa ya soko iliisha hapa hospitalini, na hatukununua nyingine.

Namshukuru daktari, aliyeuliza mara mbili. Namshukuru Eva, aliyeamka kila saa na hajanitajia hata siku moja. Nawashukuru wapangaji wa Kabiro walionipigia kelele za dawa kupitia mabati. Namshukuru Mungu aliyenisikia pale mlangoni.

Na nyinyi nawaambia hivi. Kitu kikiingia jichoni, maji safi, usifikiche, na uje siku hiyo hiyo. Dawa ya jirani ni ya jirani. Jicho likitulia ghafla kwa dawa usiyoijua, usishangilie. Ukipewa matone ya kila saa, ni kila saa, hata ukichoka, hata ukijisikia umepona. Lakini kubwa kuliko yote ni hili: ukiingia mlango ule, utaulizwa swali. Utaona aibu. Utataka kusema maji tu. Mimi nilisema, na nusura uongo wa maneno mawili unitoe jicho. Ukweli haujawahi kuchoma jicho la mtu. Sema tu. Hata kama ni mate, hata kama ni mkojo, hata kama ni kitu ulichopewa na mama mkwe. Hawa watu wameshasikia mengi.

Sasa wewe mama pale mwisho wa benchi, mwenye kitambaa cha kijani. Ndiyo, wewe. Usiangalie nyuma, hakuna mwingine. Tangu nianze kuongea umekuwa ukisukuma kitu chini ya mkoba wako. Ni chupa ya soda, ndogo, ina maji ya majani ndani, na kizibo chake ni cha gazeti. Nimeiona kutoka hapa niliposimama, kwa jicho hili hili. Itoe, mama. Nenda nayo ndani, uiweke juu ya meza ya daktari.